Tanzia ya Mtafiti Mgeni

“Kwa masikitiko makubwa na kwa moyo uliopasuka kama nazi jiweni, wananchi wote wa delta ya Rufiji, wa nchi kavu na wa matopeni, wanatangaziwa kifo cha ghafla cha Dakta Hemedy Mwinjuma, bingwa wa sayansi ya uendelevu na sera, mtafiti mgeni kutoka chuo kikuu cha ng’ambo, Mmatumbi asiye na mchanganyiko, kilichotokea alfajiri ya leo. Taifa limepoteza. Mikoko imepoteza. Kaa wanalia mashimoni mwao. Marehemu amefariki kwa kuvimbiwa kamba wa nazi nyumbani kwa watani zake Wandengereko. Mazishi yatafanyika pindi atakapomaliza sahani ya pili.”

Marehemu, wakati tanzia hiyo ikisomwa, alikuwa ameshaianza hiyo sahani ya pili. Alikaa mkekani, miguu kaikunja kwa shida kama mtu aliyelelewa na viti, na alicheka mpaka punje ya wali ikampanda puani. Ikabidi Bibi Mwanahawa, mwenye nyumba, ampige mgongoni kwa kiganja kisichojua kupapasa.

Msomaji wa tanzia alikuwa Mwantum, mjukuu wa Bibi Mwanahawa. Alisimama mlangoni wima, mikono nyuma, uso mkavu kama wa mwalimu wa zamu siku ya kutangaza matokeo mabaya. Alikuwa kidato cha tano katika shule ya bweni ya wasichana, na likizo hii alikuwa amerudi kwa bibi yake visiwani humo deltani na sifa zake zote. Shuleni kwao ndiye aliyewahi kutangaza, kwa sauti ya mkuu wa shule isiyo na kasoro, kwamba maji ni haba na wanafunzi wataoga kwa kufuata alfabeti. Rafiki yake Zawadi alingoja na ndoo yake mpaka jua likachwa.

Dakta Hemedy alipopata pumzi alijibu kama ilivyompasa. Alisema Mndengereko akitangaza msiba, ujue sufuria lake la pilau limekaa muda mrefu bila kazi. Bibi Mwanahawa akasema Wamatumbi wanajua habari za sufuria kwa kusimuliwa tu, maana kule vilimani kwao wanachoma kila kitu, hata uji. Wakacheka wote watatu, na nyumba ikawa na amani.

Hivyo ndivyo utani ulivyo baina ya makabila hayo. Mmatumbi akifika kwa Mndengereko anaweza kuitwa maiti, mwizi, nyani, na chochote kingine kitakachopatikana, naye hana ruhusa ya kununa. Msibani ndiko hasa unakonoga: watani huja wakamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, huingia kaburini wakalala, hukataa kutoka mpaka wapozwe. Lakini mlango wa utani ni mmoja tu, nao ni uso wa mtu. Unamzika mtani wako huku anakutazama, naye anakuzika wewe, kisha mnanawa mikono katika bakuli moja. Watoto wa delta hawafundishwi jambo hilo, kama wasivyofundishwa kumeza mate.

Dakta Hemedy alilipenda jambo hilo kupita kiasi. Baba yake alikuwa Mmatumbi wa vilimani aliyehamia Chumbi kulima mpunga, lakini yeye alipelekwa shule mapema, akasoma, akasoma tena, na mwisho akabaki ng’ambo akiwasomesha wenye nchi yao. Sasa alikuwa amekuja Kibiti kwa mwaka mmoja, mtafiti mgeni katika eneo ambalo mama yake mzazi alikuwa mwenyeji. Alipima kina cha tope kwa fimbo zilizopakwa rangi. Aliwauliza wazee habari za mafuriko ya zamani na ya juzi. Alitumia maneno kama “wadau” na “ustahimilivu” mbele ya watu waliokuwa wakiparua samaki. Na kila alipotukanwa na mtani alitoa kalamu, akasema msiwe na hofu, nitanieni, ni sehemu ya utafiti. Mwantum aliona kwamba mtu wa namna hiyo ameletwa na Mola makusudi, ili likizo isiwe ndefu.

Lakini chini ya maneno yake mazito Dakta alikuwa na kazi moja ya maana, na kazi hiyo ndiyo iliyompatia kamba wa nazi asubuhi ile. Kulikuwa na kamati ya kupanga mipaka ya mikoko, na kamati ilitaka mashamba yote ya mpunga yaliyokuwa ndani ya msitu wa mikoko yafungwe, mapya kwa ya zamani, ipandwe miti. Shamba la Bibi Mwanahawa lilikuwa mle ndani. Lilifyekwa na mama yake, akalilima yeye, akamzika mumewe kwa mchele wake na akamsomesha Mwantum kwa mchele huohuo. Dakta ndiye pekee aliyesimama upande wake. Hoja yake haikuhitaji shahada: ukimfukuza mkulima kwenye shamba la zamani hatakufa njaa akikutazama, ataingia msituni usiku afyeke jipya, na utakuwa umepoteza mikoko mara mbili. Acheni mashamba ya zamani, pandeni pembezoni.

Kamati ilikuwa inakaa siku ile ile mjini Kibiti, baada ya sala ya adhuhuri, na sharti lake lilikuwa fupi: anayepinga aje mwenyewe. Hoja isiyo na mwenyewe kikaoni huondolewa. Kwa hiyo wangeondoka na maji ya asubuhi, Dakta na Bibi na Mwantum, wavuke mpaka Nyamisati, wapande gari. Bibi alikuwa ameshavaa doti lake jipya na alikuwa amejizoeza maneno yake mbele ya kuku.

Ilikuwa bado kitambo kidogo kabla ya kuondoka. Mwantum akasema anakwenda gatini kutafuta mtandao.

Tuwe wakweli juu ya kilichompeleka. Muhula uliopita Zawadi alilipiza ile ndoo. Alimwandikia Mwantum barua ya mapenzi kwa jina la kijana wa shule jirani, Mwantum akaijibu, na jibu likasomwa bwenini kwa sauti, na vituo vyake vyote vikazingatiwa. Tangu hapo Mwantum alikuwa akiwinda. Na Zawadi alikuwa na donda moja wazi: Dakta Hemedy aliwahi kwenda shuleni kwao kutoa mhadhara, na tangu siku ile Zawadi alikuwa amejipa moyo kwamba atasoma sayansi ya uendelevu, atavaa miwani, atakwenda ng’ambo, na mengine ambayo hakuyataja.

Pale gatini Mwantum alijirekodi akisoma tanzia. Akaisikiliza. Ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na kasoro moja: mwisho wake. Zawadi si mjinga. Akisikia kamba wa nazi na sahani ya pili atacheka, na Mwantum hakutaka acheke. Akairudia upya kwa sauti nzito, taratibu, kaa na mikoko akawaondoa, na akaishia kwenye alfajiri ya leo. Akaongeza “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun” kwa sauti iliyotetemeka kidogo mwishoni. Yeye mwenyewe alisisimka.

Upande wa nyuma Saidy, nahodha wa boti, alikuwa akipiga mbinja kwamba maji yameanza kupwa. Mwantum alingoja kwanza ujumbe ufike. Ukafika. Akangoja usikilizwe. Ukasikilizwa. Kisha majibu yakaanza kuja, la kwanza swali, la pili swali, la tatu si neno bali safu ya nyuso zinazolia. Mwantum akatabasamu kama mtu aliyekunywa maji baridi baada ya futari, akazima simu ili asiharibu kwa kujibu mapema, akashuka kwenda botini. Angesema kweli jioni. Kilio cha mchana kutwa hakijamuua mtu.

Delta haimngoji mwenye simu. Hawakufika hata nusu ya safari, katikati ya kijito chembamba chenye mikoko huku na huku, boti ikaguna, ikakaa. Saidy aliruka akasukuma, tope likamfika mapajani, boti haikutikisika. Akarudi akakaa, akasema bila hasira kwamba wangeondoka aliposema yeye wangekuwa wanakunywa soda Nyamisati, lakini sasa watakaa hapa mpaka maji yenyewe yatakapopenda. Bibi akauliza nani aliyewachelewesha. Saidy akamtazama Mwantum. Mwantum akatazama kaa.

Wakakaa. Hapakuwa na mtandao, hapakuwa na kivuli cha maana. Dakta alitumia muda ule kumfundisha Bibi namna ya kuzungumza na kamati: asianze na marehemu mumewe, aanze na mavuno, kisha aseme ni miaka mingapi hajakata mkoko hata mmoja. Bibi akamuuliza kama hao wa kamati wana mama zao. Dakta akasema anadhani wanao. Basi nitaanza na mume wangu, akasema Bibi, na hayo mavuno utayasema wewe, ndiyo maana nimekulisha.

“Nitayasema, mtani,” Dakta alisema. “Nikishindwa, nizike kweli.”

Mwantum alicheka kuliko wote.

Maji yalirudi yalipotaka. Walipokanyaga Nyamisati adhuhuri ilikuwa imeshapita, na simu ya Dakta ikafufuka mkononi mwake kwa mtetemo usiokoma. Alisoma mwanzo akitabasamu. Pumzika kwa amani, kaka. Pengo lako halizibiki. Mwenzake wa ng’ambo alikuwa ameandika kurasa nzima. Dakta akasema kumbe utani wa Wandengereko siku hizi unavuka bahari, akamwonyesha Bibi, na Bibi akacheka kwa adabu, maana hakuwa na miwani. Kisha akaona amepigiwa simu na nyumbani Chumbi mara nyingi mno, akampigia mama yake.

Sauti ya Bi Mwanasiti ilisikika mpaka nje ya simu. Haikuwa na kilio, ilikuwa imekauka. “Wewe uliyevaa sauti ya mwanangu,” alisema, “Mungu anakuona.” Akakata.

Alipopiga tena, simu ilipokewa na kaka yake, naye alimhoji kama askari: jina la mbuzi waliyemfuga utotoni, kovu liko mguu gani. Aliporidhika akaanza kulia, na katika kulia akaeleza. Kaburi limeshachimbwa, unangojwa mwili tu. Watu wamejaa. Watani wameshaingia kaburini, wamelala, wanadai hawatoki mpaka waletewe jogoo, na mama kwa mara ya kwanza katika maisha yake amewatukana watani, amewarushia udongo, na sasa amekaa chumbani anazikunja nguo zako moja moja na kuzikunjua. Hatuwezi kumwambia ghafla. Njoo mwenyewe, njoo sasa hivi.

Dakta alikaa ndani ya Noah waliyokodi, Bibi ubavuni mwake, Mwantum nyuma. Gari lilipita mashamba ya mikorosho kwa muda mrefu kabla hajageuka.

“Tangazo la asubuhi lilikuwa zuri,” alimwambia Mwantum. “Liliishia palepale mkekani?”

“Palepale, Dakta.”

Aliendelea kumtazama kidogo, jinsi alivyozoea kuitazama fimbo yake ya vipimo iliposimama mahali asipopategemea. Kisha akageuka mbele. Dereva akamuuliza kama wapitilize moja kwa moja hadi Chumbi, kwa kuwa Kibiti iko njiani na wanaweza kuiacha. Dakta alifumba macho. Kisha akasema hapana, Kibiti kwanza, huyu mama ana shamba.

Kibiti, mlinzi wa lango la ofisi ya kamati alimwona Dakta akishuka garini, akaingia kibandani mwake na kufunga mlango kwa ndani. Walijifungulia wenyewe. Kikao kilikuwa kimekwisha. Wajumbe walikuwa kwenye sambusa, kila mmoja na kipande cha kitambaa cheusi kifuani, na kilichofuata hakikuwa kizuri kusimulia: mmoja alipaliwa, mwingine alitaja majina ya Mwenyezi Mungu, na Mwenyekiti Abdulswamadu, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

Alipohakikisha kwamba marehemu ana kivuli, mshtuko ulimtoka, kikaingia kinyongo. Alisema Dakta amewaweka pabaya sana. Walisimama kwa dakika nzima. Wamemwombea dua. Walimpigia simu tangu asubuhi na haikupatikana, sasa alitaka waamini nini?

Dakta aliuliza kuhusu hoja yake.

“Hoja yako ilikufa na wewe,” alisema Mwenyekiti. “Hoja isiyo na mwenyewe huondolewa. Unalijua sharti, ulikuwepo tulipoliweka.”

Alieleza yaliyobaki kwa upole wa mtu anayemfunga mwenzake kidonda kwa kamba. Mashamba yote yamefungwa, ya zamani na mapya. Uamuzi umetiwa saini na gari limeshaondoka nao kwenda mkoani. Vigingi vya mipaka vitapigwa kesho. Kamati haitakaa tena mpaka miti iwe imepandwa, na miti ikishapandwa nani ataing’oa, ilhali sisi ndio wa uendelevu? Alikohoa. Na kwa kuwa wajumbe waliguswa mno, waliona wamuenzi mwenzao. Lile eneo kubwa la mashamba ya zamani upande wa kusini wamelipa jina. Litaitwa Msitu wa Kumbukumbu wa Dakta Hemedy Mwinjuma. Bango limeshaagizwa.

Hakuna aliyecheka, ingawa Mwantum aliisikia ndani yake sehemu ile ya zamani, ile ya bwenini, ikinyanyua kichwa kutaka kucheka, na hapo ndipo alipojiogopa.

Bibi Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni na doti lake jipya, chini likiwa na tope lililokauka. Aliuliza shamba lake liko ndani au nje. Mwenyekiti akauliza ni lipi. Bibi akalitaja kwa jina la mama yake.

“Liko ndani, mama.”

“Lote?”

“Ndiyo katikati yake hasa.”

Bibi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei ya kitu asichokinunua. Akaomba kiti, akakaa, akawaambia wajumbe kwamba yeye ni Mndengereko na Dakta ni mtani wake, na amezika Wamatumbi wengi wakiwa hai. Ana swali moja tu. Mtani akimtangaza mtani wake, hujitokeza, hudai jogoo wake, hula naye. Aliyemtangaza huyu leo yuko wapi? Jogoo wake hajamdai. Asiyejitokeza si mtani. Huyo ni mtu aliyetaka kumuua mtoto wa mwenzake na kuninyang’anya mimi shamba, na nataka nimwone, si kwa ubaya, nataka tu niijue sura yake.

Kamati ikamgeukia katibu, kijana aitwaye Ridhiwani, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaletea habari. Ridhiwani alijitetea upesi. Alisema yeye alitumiwa na mpwa wake, binti mkweli, analia tangu asubuhi, hata sasa yuko kitandani nyumbani kwao Mchukwi na hajala. Anaitwa Zawadi. Kwa kuwa mambo yamefikia hapa amempigia dakika hii, na Zawadi amemtajia aliyemrushia. Ni mwanafunzi mwenzake. Anaitwa Mwantum, wa huko visiwani.

Dakta Hemedy alikuwa akitazama sakafu. Alikuwa amejua tangu garini, na aliuacha mlango wazi njia nzima ili mtu aingie mwenyewe.

“Mwantum wako wengi,” alisema Bibi Mwanahawa. Aliunyoosha mkono nyuma bila kutazama, akaushika mkono wa mjukuu wake, akauminya. “Huyu wangu ana masihara, nakubali, mke mwenzangu huyu ana mdomo. Lakini asubuhi alimzika mtu huyu mbele yangu, usoni, na mimi nikacheka, na yeye mwenyewe akacheka, muulizeni. Huyu amelelewa. Mtoto aliyelelewa na mimi hawezi. Mtafuteni mwingine.”

Mwenyekiti alisema inawezekana kabisa, majina hufanana. Ridhiwani akaiweka simu mfukoni. Mtu mmoja akamsogezea Bibi sahani ya sambusa. Yangeweza kuishia pale, na Mwantum alijua yangeweza. Alikuwa ametoka katika mitego migumu zaidi kwa uso mkavu zaidi. Akaukausha uso. Bibi akaendelea kuuminya mkono wake, kwa ile imani ya mtu asiyeona haja ya kugeuka.

“Ni mimi, Bibi,” alisema.

Mkono haukulegea mara moja. Ulikuwa bado haujasikia.

“Ni mimi wa asubuhi na ni mimi wa kwenye simu. Nilikata mwisho, ule wa kamba. Nilijua akisikia ule atacheka, na mimi nilitaka Zawadi alie. Sikumtaka mama yake Dakta, sikuwajua hawa. Zawadi tu.”

“Ulijua saa ngapi kwamba ameamini?” aliuliza Dakta.

Mwantum alitafuta sauti yake ya matangazo na hakuipata. Iliyotoka ilikuwa ndogo, ya mtoto wa darasa la pili.

“Kabla hatujapanda boti. Saidy alikuwa anapiga mbinja, anasema maji yanakupwa. Nilimsikia. Nikangoja nimwone Zawadi analia kwanza, ndiyo nikashuka.”